Hasara yenye muhuri

Maji ya bomba yakitoka na rangi jijini Tanga, lawama hupanda mlima moja kwa moja. Ni wakulima wa Muheza huko juu: wanakata miti, wanachoma mkaa, wanachimba dhahabu mtoni. Mada ikifunguliwa redioni, wapiga simu huzunguka hapo hapo, na kila tarehe 5 Juni mgeni rasmi wa Siku ya Mazingira huyakariri hayo kabla ya kushika mche, kupigwa picha na kuingia garini. Shoka lipo, sibishi. Lakini ukiifuata historia ya mkoa huu kwa miaka mia na thelathini hivi, sehemu kubwa ya vilivyopotea msituni na baharini vilipotea kwa ruhusa. Palikuwa na ramani, mtaalamu, mfadhili na muhuri. Mwenye panga alikuja baadaye kuokota mabaki, na ndiye anayehubiriwa mpaka leo.

Kwa hiyo makala hii haitawasihi wanakijiji wapande miti. Inawahusu zaidi wanaotia saini.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alivutiwa na ua dogo la zambarau linaloota kwenye vivuli vya Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata bingwa wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo ni miongoni mwa maua ya chungu yanayofahamika zaidi duniani. Limezalishwa likatoa aina nyingi mno, meupe, ya waridi, yenye mapindo, na limekaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani vizazi kwa vizazi. Wajerumani mpaka sasa huliita kwa jina la Usambara. Fedha zake ndizo hazijui njia ya kurudi Usambara.

Wakati ua hilo likipewa jina Ulaya, mmea mwingine ulikuwa ukishushwa Pangani. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyonusurika vikapandwa Kikogwe vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 yakaja mashamba ya Korogwe, Muheza na Ngomeni, makambi ya manamba, na jina la Tanga kwenye kila bandari iliyohitaji kamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, na duniani hapakuwa na wa kuipita.

Watu wa Tanga tunapenda kuisimulia habari ya vile 62 kama ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Ila itazame kwa jicho la mtu wa mbegu. Mkonge wa shambani huoteshwa kwa vichipukizi, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Maana yake uchumi wa mkoa mzima ulisimama juu ya mimea michache iliyorudufiwa mara mamilioni. Ugonjwa ukishaujua mmoja, umeijua yote.

Kilichowapa wataalamu wa kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, pale Muheza, pa kutokea kilikuwa mmea usio na soko. Huko Amani, mlimani, ilikuwa ikiota jamii ya mkonge ambayo hakuna aliyejua kwa hakika ilifikaje. Wakaiita Agave amaniensis. Haikuwa zao la kumpa mtu tajiri usingizi. Mlingano wakaichanganya na Agave angustifolia, kisha wakairudishia tena damu ya amaniensis, na ikapatikana chotara namba 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani mia mbili na kitu hadi mwisho wa maisha yake. Chotara huyo hupita 600. Alienea kwenye mashamba yetu, akavuka mpaka China, ambako ndiye tegemeo la kilimo cha mkonge. Halafu yakajirudia yaleyale: kwa kuwa alikuwa bora, akapandwa yeye tu. Akaja kuelemewa na ugonjwa wa madoa ya majani unaojulikana kwa jina la Korogwe, na watafiti wakarudi tena kutafuta damu nyingine.

Sina mfano mzuri zaidi ya huo wa faida ya bioanuwai, yaani wingi na utofauti wa viumbe wanaoishi mahali. Siku ambazo ile agave ya Amani ilikuwa ikiota tu bila kazi, afisa yeyote mwenye kibali cha kufyeka angeulizwa thamani yake angeandika sifuri, tena bila kusema uongo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya Tanga inalo daftari. Lina safu ya mbao, safu ya singa, safu ya chai, safu ya shehena bandarini. Safu ya viumbe wasiouzika leo haikuchorwa, na anayetia saini hutazama safu zilizopo.

Na viumbe wasiouzika tunao wengi kuliko tunavyostahili. Usambara Mashariki ni kipande cha Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Pepo za Bahari ya Hindi ziliendelea kuinyeshea hata vipindi ambavyo bara lilikauka na misitu ya katikati ikatoweka, hivyo waliokuwa humo walibaki, wakajitenga, wakawa wa aina yao peke yao. Kuna chura mdogo, Nectophrynoides tornieri, ambaye hazunguki na mayai ya majini kama vyura wengine. Huzaa watoto waliokamilika. Kuna bundi mkubwa aliyepewa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani. Kuna chura mwingine, Parhoplophryne usambarica, aliyekusanywa mmoja miaka ya 1920 na hajapatikana tena. Huyo nashindwa nimweke kundi gani, la tulionao au la tuliowapoteza.

Viumbe wa namna hii hawafi kwa kuuawa. Hufa kwa kuingiziwa jua. Ukifungua dari la msitu, unyevu wa chini hupungua, majani yaliyoanguka hukauka kabisa, na chura anayepumulia ngozi hana pa kuhamia kwa sababu upande wa pili wa barabara ni shamba la chai na nyuma yake ni bonde lenye joto. Msitu unaweza kuonekana mzima kutoka kwenye ndege na bado ukawa umeshakatwa vipande ambavyo kila kimoja ni kidogo mno kwa wakazi wake.

Vipande hivyo vina waandishi wake. Wajerumani walipofika walidhani msitu mnene ni ushahidi wa udongo tajiri. Wakafyeka Derema na jirani zake miaka ya 1890, wakapanda kahawa. Ilichangamka miaka michache, ikanyong'onyea. Utajiri wa ule msitu haukuwa umelala ardhini ukisubiri mkulima. Ulikuwa ukizunguka baina ya majani yanayoanguka, kuvu, wadudu na mizizi ya juujuu, na mvua ilipopiga udongo ulioachwa wazi, mzunguko ukakatika. Baadaye ikaja chai, ambayo inaustahimili udongo wenye tindikali, na ndiyo mnayoiona mkipanda Amani leo.

Mwaka 1902 wakafungua Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Ilikusanya mimea ya kila bara, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilitengeneza kwinini kutokana na miti ya sinkona iliyopandwa palepale. Sifa zake nazikubali. Lakini utamaduni huohuo wa kujaribu miti ya ugenini ndio uliotuletea Maesopsis eminii, mti wa kutoka pande za Ziwa Viktoria na magharibi mwa Afrika, unaokua haraka. Watu wa misitu wakaupanda kuziba maeneo yaliyovunwa. Hondohondo, ndege wenye mdomo mkubwa, wakayapenda matunda yake, wakazibeba mbegu mpaka ndani kabisa, na sasa penye upenyo wowote wa mwanga unatangulia huo. Ni mti mzuri kwao ulikotoka. Huku umekuwa mgeni asiyetii ule msemo wa Tanga wa waja leo waondoka leo.

Jeraha kubwa zaidi lilitokea tukiwa tumeshajitawala, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Sikh Saw Mills, kiwanda kilichokuwa mikononi mwa umma, kilihitaji magogo ya mbao na plaiwudi. Finland ikasaidia kwa mashine na wataalamu. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 matrekta yalipasua barabara ndani ya msitu wa Usambara Mashariki kuufuata mtambara, mti mrefu usioota nje ya milima hii na sehemu chache za jirani. Kwenye karatasi ulikuwa uvunaji wa kitaalamu, na kila mhusika alikuwa na barua yake. Barabara zile ndizo zilizorahisisha kazi ya wapasua mbao wa msumeno wa mkono waliofuata. Sasa niambie, katika simulizi tunayoirudia redioni, yule mpasua mbao ndiye mhalifu na waliomchongea barabara ni akina nani?

Wanasayansi wa ndani na nje wakapiga kelele, na kabla miaka ya 1980 haijaisha uvunaji wa mashine ukasimamishwa. Finland ileile ikabaki kufadhili mradi wa kutunza misitu ya vyanzo vya maji, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, hekta 8,380. Nawapongeza bila kejeli. Ni wafadhili wachache wanaorudi kufagia walipomwaga.

Ila muhuri wa uhifadhi nao una watu wake uliowaangukia. Msitu wa Derema ulitakiwa ubaki wima ili kuunganisha misitu ya kaskazini na Amani, na wanavijiji walikuwa wakilima iliki humo chini ya kivuli. Iliki ilikuwa ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo mahari. Kitaalamu hoja ya kuwaondoa ilikuwa na uzito: mkulima wa iliki hufyeka miche ya chini, hivyo miti mikubwa ikifa haina warithi. Zaidi ya wakulima elfu moja wakalipwa fidia ya mazao, kwa mchakato uliochukua miaka, na wengi walilalamika kwamba kilicholipwa hakifanani na shamba lililokuwa likiwapa kila msimu. Faida ya Derema kusimama ni ya dunia nzima na ya kila anayefungua bomba Tanga mjini. Gharama ilikusanywa kutoka vijiji vichache.

Kisa cha vipepeo kinaniudhi zaidi, kwa sababu hapo kila kitu kilikuwa sawa. Kuanzia mwaka 2001 wanavijiji wa kuzunguka Amani walianza kufuga vipepeo: wanapanda miti ya asili ambayo viwavi wanakula, wanatunza mabuu, na wanauza pupa, yaani kifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Wafugaji wengi walikuwa wanawake. Msitu ukikatwa, hakuna kipepeo wa kuanzia kizazi. Kwa mara ya kwanza ile safu isiyochorwa daftarini ilikuwa na bei, na mwenye kuipokea alikuwa mwanakijiji. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje, mwaka uleule ambao tumbili walikamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakipelekwa Armenia. Marufuku haikutofautisha tumbili aliyekamatwa porini na kipepeo aliyezaliwa kwenye kibanda cha neti nyuma ya nyumba ya mtu. Juni 2022 ilitangazwa kwamba biashara ingefunguliwa kwa muda, na ndani ya siku chache tangazo likasitishwa. Aliyetia saini alikuwa na nia njema kwa wanyama. Msitu ulipoteza walinzi ambao hakuna aliyekuwa akiwalipa mshahara.

(Kuna mti mmoja, msambu, ambao mbegu zake zenye mafuta zilianza kununuliwa na kampuni ya Unilever kwa ajili ya siagi ya mimea. Nautaja kwa sababu unaonyesha kipepeo hakuwa bahati ya mara moja. Msitu una bidhaa; wanunuzi hupatikana; kinachokosekana ni sera inayodumu zaidi ya waziri.)

Sasa turudi kwenye yale maji yenye rangi. Tanga hunywa mto Zigi. Vijito vyake vinatoka Usambara Mashariki, vinakusanyika na kuingia bwawa la Mabayani, kisha kwenye mitambo, kisha majumbani. Kuanzia mwaka 2003 wachimbaji wa dhahabu walivamia Sakale, ndani ya milima hiyo, na kuosha mchanga mtoni. Hao kweli hawakuwa na kibali, na zebaki haichagui mnywaji. Lakini ukiacha wachimbaji, mwenye ufunguo wa Zigi ni mkulima mdogo anayelima kando ya kijito, na swali ni nini kimemfanya asilime pale.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mamlaka ya maji nchini: ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji wakanunua hata zaidi ya kilichoombwa. Ni habari njema, na Tanga hatupati nyingi za kujisifia kitaifa siku hizi. Angalia lakini jinsi mnyororo wa malipo ulivyokaa. Mwekezaji aliyeko Dar es Salaam anapata asilimia 13.5 kwa kukopesha fedha za mabomba na mitambo. Mkulima wa bonde la Kihuhwi aliyeacha mita kadhaa za shamba lake zioteshe majani ili udongo usiingie mtoni anapata semina. Upo umoja wa wakulima wahifadhi wa mabonde hayo, UWAMAKIZI, na mamlaka imekuwa ikiuunga mkono, jambo la kupongezwa. Msaada hata hivyo hutegemea moyo wa mtoaji na bajeti ya mwaka. Riba ya hatifungani haitegemei moyo wa mtu. Iko kwenye mkataba. Nataka malipo ya mkulima wa Zigi yakae huko huko kwenye mkataba, yahesabiwe ndani ya bei ya uniti, na sisi wateja tuyaone kwenye bili. Nitalalamika siku ya kwanza, kama kila mtu, na nitalipa.

Baharini hesabu ni zilezile, ila ushahidi huzama.

Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wakitaga hapo kwa wingi kiasi cha kuhesabiwa kituo muhimu kuliko vyote nchini. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Miti ilikuwa ikikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikawa fungu linalofunikwa bahari ikijaa. Tangazo lilifika, mlinzi hakufika. Kasa bado wanakwenda, maana kasa hurudi kutaga katika fukwe za alikozaliwa, na mayai yao hubebwa na watu mpaka ufuko wa Ushongo ili yasilowe yakaoza.

Baruti ya kuvulia samaki ndiyo mfano ambao ungeweza kuniumbua, kwa kuwa haikuwa na kibali cha mtu. Ilipigwa marufuku tangu mwaka 1970, na iliendelea miongo mingi, mchana, mlipuko ukisikika nchi kavu. Mlipuko mmoja huua changu wachache wa kuuza, huua na vichanga wasiohesabika, na huvunja tumbawe lililochukua makumi ya miaka kuota. Samaki wa kesho hukosa nyumba. Nani hakujua? Mbolea na dizeli vya kuitengenezea vilinunuliwa madukani, samaki wenye mifupa iliyovunjika waliuzwa sokoni, na kila mama lishe aliweza kuwatambua kwa kuwabonyeza. Kisha, tangu mwaka 2016 hivi, vyombo vya dola vikaamua kufanya kazi pamoja, na milipuko ikapungua sana ndani ya muda mfupi. Wavuvi hawakubadilika mioyo kwa mkupuo. Uamuzi wa dola ulibadilika. Hilo linaniambia kwamba ile miongo ya nyuma nayo ilikuwa ni uamuzi, hata kama haukuandikwa.

Katikati ya uchovu huo wa bahari ndipo alipotokea silikanti. Samaki huyu alijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na wataalamu waliamini ukoo wake ulimalizika pamoja na dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta kwenye samaki waliovuliwa Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Huku kwetu, kuanzia mwaka 2004, wavuvi wa pwani ya Tanga wakaanza kumtoa kwenye jarife, wavu wa kunasia papa, mmoja baada ya mwingine, hadi wakafika makumi. Kwa mvuvi ni hasara: nyama yake ina mafuta yasiyolika, mwili mkubwa unachafua wavu, na soko la Deep Sea halimtaki. Maelezo yanayoniingia akilini zaidi kuhusu kwa nini alianza kunaswa wakati ule ni kwamba samaki wa miambani walikuwa wamekwisha, wavuvi wakashusha majarife chini zaidi kufuata papa, na wakafika kwenye miteremko na mapango anakojificha mchana. Silikanti hakuja kwetu. Sisi ndio tuliomfuata, baada ya kumaliza vya juu.

Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, kutoka mlango wa mto Pangani kwenda kaskazini. Wakati huohuo palikuwa na mpango mwingine wa serikali hiyohiyo wa kujenga bandari mpya ya kina kirefu Mwambani, kwenye pwani ya hifadhi hiyo. Mihuri miwili juu ya ghuba moja. Bandari ya Mwambani haikujengwa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kilichoiokoa Mwambani ni ufinyu wa fedha kuliko huruma kwa samaki. Badala yake bandari ya zamani imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13 na kuboreshwa kwa shilingi bilioni 429.1, ili meli zifunge gatini badala ya kuhudumiwa na matishari nangani. Hilo naliona ni chaguo la heri: shughuli imeongezwa mahali palipokwisha kuchafuka, na vijana wa Ngamiani wanapata kazi.

Chongoleani ni jambo lingine. Hapo ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na 1,147 kati yake ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta, huganda, kwa hiyo bomba hupashwa moto kufikia nyuzi joto 50 hivi njia nzima, kisha mafuta yawekwe kwenye matangi na kupakiwa melini kwenye gati refu lililoingia baharini. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017 na Marais Magufuli na Museveni. Sitaki kumwambia mtu wa Tanga aukatae mradi huu; nimewaona wanaoukataa wakiwa mbali, na wengi wao wanaendesha magari. Hoja yangu ni ya mkazi wa jirani. Pale Chongoleani kuna mikoko inayolea kamba na samaki wachanga, kuna akina mama wa pwezani na chazani, kuna matumbawe, na kusini yake kuna hifadhi ya samaki ambaye yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Mafuta yakimwagika wakati wa kusi, maji ya pwani hii huelekea kaskazini; wakati wa kaskazi mambo hubadilika. Mvuvi yeyote wa Sahare anaweza kukueleza hilo bila kompyuta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi, na kwa miradi mikubwa hufanyika, kurasa mia kwa mia. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi eneo huwa limeshachaguliwa, na tathmini huulizwa namna ya kupunguza maumivu. Tena huandikwa kwa Kiingereza. Ningekuwa na nguvu ningetaka mambo mawili tu kwa Chongoleani: hali ya matumbawe, mikoko na samaki ipimwe na kutangazwa kwa Kiswahili kabla na baada ya meli ya kwanza kupakia, kila mwaka, kwenye mbao za matangazo za mitaa na vijiji, na sehemu ya tozo ya kila pipa iwekwe pembeni kuwanunulia wavuvi wa jarife nyavu na vyombo vya kuvua samaki wa majini juu, mbali na mapango.

Na muda wa hesabu uongezwe. Mradi wa bomba umepangiwa miaka 25 na ushei. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba silikanti anaweza kufikia miaka 100, kwamba jike hukomaa akiwa amekaribia au kupita miaka 60, na kwamba mimba yake huchukua takriban miaka mitano. Jike atakayezaliwa mwaka ambao meli ya kwanza itapakia mafuta atakuwa hajazaa hata mara moja siku matangi yatakapofungwa. Mpango wa ufuatiliaji wa mazingira wa Chongoleani una ukomo wake, na una mtu aliyeutia saini. Ningependa atuonyeshe ukurasa unaomhusu huyo samaki.